Fagio la Jumwa Ziwani Jipe

Jumwa wa mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, Mombasa, hapendwi na watu, wala hajali. Ni fundi wa turubai. Cherehani yake iko nje ya nyumba, kando ya njia, na mteja akimletea turubai lililochanika huku anaongea na simu, humrudishia mikononi na kumwambia amalize kwanza maneno yake ndipo aje. Ana miaka hamsini na sita, ulimi mkali, na macho yaliyozoea kutazama chini kuliko kutazama watu usoni.

Macho hayo ndiyo yaliyompa kazi ya pili. Kila Agosti, kikundi cha wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Changamwe huenda Ziwa Jipe, siku tatu za kupiga makasia na kuvua perege kwa ndoana. Mahema yao ameyashona Jumwa. Mwaka wa kwanza walimchukua ili ayatengeneze yakiharibika, wakapiga kambi kwenye mchanga mweupe kando ya maji, maana watu wa pwani ndivyo tulivyo. Kwetu mchanga mtupu ni mahali pa kuegesha mtumbwi, na penye mawe na majani ni pa kukatwa miguu. Asubuhi hema la vyombo lilikuwa matambara. Kiboko alikuwa amepita. Hapo Jumwa akajifunza kwamba ziwani, mahali pasipoota majani pana mwenyewe.

Tangu siku hiyo alikuwa akitangulia siku mbili kabla ya wenzake, na fagio lake la chelewa za mnazi. Jioni alifagia mahali patatu, akaenda kulala kwa wenyeji, na asubuhi akarudi kusoma nyayo. Palipobaki laini ndipo mahema yalipopigwa. Miaka kumi na mmoja ikapita, na hakuna aliyepoteza hata kandambili.

Ila wazee walioliona lile hema la vyombo wamestaafu, wamerudi Rabai na Kaloleni. Mwaka huu mwenyekiti ni Musyoka, karani wa stoo, ambaye hawaivi chungu kimoja na Jumwa tangu fundi huyo alipomrudishia hema mara mbili kwa sababu lilikuwa chafu. Kwenye mkutano Musyoka alitangaza kwamba kambi ameshaipata kwa simu. Akapitisha picha, watu wakaona mchanga mweupe, wakapiga makofi. Habari za kutanguliza mtu na fagio, akasema, ni ushirikina wa kizee na kupoteza nauli. Kisha akamgeukia Jumwa.

"Mama Dama, wewe shona turubai. Mambo ya kambi tuachie sisi."

Ukumbi ukacheka. Kicheko cha Musyoka Jumwa angekimeza kama anavyomeza vingine. Asichoweza kukimeza ni cha Dama, binti yake wa pekee, aliyeajiriwa kiwandani hapo mwaka jana tu, naye alicheka na wenzake huku akitazama pembeni.

Kwa hasira alizokuwa nazo, Jumwa angekaa nyumbani na kuwaacha wakione. Lakini kwenye mchanga ule angelala Dama. Akajilipia nauli, akaenda, hakusalimia mtu njia nzima na hakuna aliyemsalimia.

Walifika saa sita za mchana. Katikati ya mchanga palikuwa na njia iliyoshuka hadi majini, mifuo miwili na tuta katikati, na Musyoka akafurahi kwamba wenyeji wamewatengenezea pa kuburutia mitumbwi. Jumwa aliijua: mifuo hiyo ni ya miguu ya kiboko. Alimwendea Dama, akamwamuru ang'oe hema wapande pamoja kule juu kwenye mawe.

"Mama, unanitia aibu," Dama akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nina kazi na watu hawa."

"Basi lala na kazi yako," Jumwa akamjibu, na hakusema kwa sauti ya chini.

Kabla jua halijatua alifagia mchanga wote kati ya mahema. Wenzake waliruka fagio lake, wakamwuliza kama anatafuta pete. Akalala kwenye mawe peke yake, yaani hakulala.

Alfajiri akashuka. Nyayo zilikuwa zimepanda kwa ile njia, vidole vinne vinne, pana kama sahani, zikapita katikati ya mahema na kurudi majini. Unyayo mmoja ulikuwa shibiri mbili kutoka mahali Dama alipolaza kichwa. Hofu na hasira zilimjia pamoja, na hasira ilishinda. Mnyama alikuwa amesharudi majini, usiku huo umekwisha. Uliobaki ni usiku wa pili, na Jumwa alimjua Musyoka, hangekubali kosa. Akachukua karai kwenye rundo la vyombo, akaufunika unyayo ule wa kando ya hema la Dama, akaweka jiwe juu. Fagio akaliacha palepale, akapanda mawe, akakaa.

Musyoka ndiye aliyetoka wa kwanza. Aliona, akasimama. Akatazama kushoto na kulia, akaliokota fagio, akafagia haraka haraka mpaka kwenye maji. Jumwa akamwacha amalize.

Watu walipokusanyika kunywa chai, Musyoka alisimama na kikombe na kumwita kwa sauti. "Mama Dama, tumefagiliwa vizuri. Hizo nyayo ziko wapi?"

Wakacheka tena. Jumwa alishuka polepole, hakumtazama. "Dama," akasema, "inua hilo karai."

Dama akaliinua. Aliutazama unyayo, akalitazama hema, akapima umbali kwa macho. Carolyne, msichana wa kazini kwake, akauliza mnyama gani huyu mwenye unyayo mmoja. Ndipo wote walipofuata alama za fagio kwa macho, wakaliona lenyewe limeegemezwa kwenye hema la mwenyekiti.

Mahema yaling'olewa chai ikiwa bado ya moto. Dama alipanda na lake, akampita mama yake. Hakuomba radhi, wala hakuombwa. Jumwa alimfungia kamba za hema kwenye mawe, kwa hasira, mafundo mawili mawili.

Musyoka alibaki mchangani peke yake kutwa, akijifanya anavua. Jua lilipoinama alipanda, hema begani, ametota jasho. Alimkuta Jumwa akikaanga samaki.

"Mama Dama, nipige wapi?"

"Mahali ni pengi, mwenyekiti," Jumwa akasema, akigeuza samaki. "Si mmesema mambo ya kambi niwaachie?"

Musyoka akasimama pale akitazama chini, asijue anatafuta nini. Dama alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Safari hii hakucheka, na mahali hakumwonyesha.