Mukono wa Kushoto Ndio Unanyoa

Siku yangu ya kwanza sikushika wembe. Nilishika ndoo. Salon ya Papa Zihindula ilikuwa hapa mutaa wa Muhumba, viti viwili na kioo kimoja chenye ufa, na mimi niliingia pale mujane mwenye watoto wane, masomo yangu mwisho troisième primaire, darasa la tatu, kwa kazi ya kufua maserviette, taulo za uso. Robine ya maji ilikuwa kavu. Nikashuka mpaka ku ziwa, nikapanda mulima na ndoo ku kichwa, najisifu. Papa Zihindula, patron wetu, akasugua sabuni na burashi mu bakuli, akasugua tena. Povu likatoka, likafa.

"Maman Nsimire, hii maji ulitoa wapi?"

"Ku ziwa, patron."

"Maji ya ziwa iko nzito, inaua povu. Kwa kunyoa ni maji ya mvua. Pipa iko nyuma ya nyumba inakungojea, wewe unaenda kuchokesha shingo!"

Wateja wakacheka wote, na mwalimu Bahati, aliyekuwa ku kiti na ndevu za wiki mbili, akawashinda wote kucheka.

Ninyi wajukuu munajipitisha mashini kavu dakika mbili, munasema mumenyoa. Sawa. Lakini kunyoa kwa wakati wetu kulikuwa hivi. Unakamua serviette ya moto, unafunika uso, unangoja. Kungoja kule ndiyo nusu ya kazi: ndevu zinalainika, na mutu naye analainika, anaacha kusema habari ya vita na ya bei. Kisha povu, unalizungusha na burashi mpaka kila unywele unasimama. Wembe wetu ulikuwa wa kukunja, unanolewa kwanza ku mukanda wa ngozi uliofungwa ku kiti. Mara ya kwanza unafuata ndevu, mara ya pili unakata kando. Mwisho maji baridi, na jiwe la shabu la kufunga vidonda vidogo.

Patron alinifundisha akinipiga vidole. "Unaangalia wembe ya nini? Mukono ya kuume inafuata tu. Ya kushoto ndiyo inanyoa!" Maana ule wa kushoto ndio unavuta ngozi. Ngozi ikivutwa vizuri, wembe unapita wenyewe. Ikilegea, damu.

Nilipojua kunyoa, wateja walikataa. "Mwanamuke na wembe ku shingo yangu?" mwalimu Bahati alisema. "Ule mwanamuke wa ku nyumba ananitosha!" Patron aliketi mwenyewe ku kiti mbele yao, akainua kidevu, akafunga macho. "Nyoa, maman." Nilinyoa. Alipomaliza kupapasa shavu na mugongo wa vidole, kupanda kinyume cha ndevu, alionyesha mahali chini ya taya: "Hapa umeacha." Basi. Kesho yake mwalimu Bahati akaketi.

Baadaye nilienda mutaa wa Nguba, kunyoa wageni ku hoteli. Gérant, musimamizi wa hoteli, Monsieur Cirhuza, alikuwa na saa kila mahali. "Haraka, maman, mugeni iko na safari!" Serviette ya moto aliiondoa. Watu walitoka wamenyolewa, lakini hawakutoka wamepumzika. Mimi pia sikupumzika. Miaka ikapita hivyo, magoti yakaisha, kisha mukono wa kuume ukaanza kutetemeka. Siku moja nikamukata mugeni ku sikio. Nikakunja wembe, nikarudi nyumbani bila mutu kunifukuza. Niliapa sitaushika tena.

Mwaka huu, wakati wa mvua, Furaha, binti wa Papa Zihindula, alikuja kwangu.

"Maman, papa hatoke tena ku kitanda. Kesho padiri anamuletea mafuta ya wagonjwa, na papa anasema hatayapokea na uso kama wa mwizi. Mashini anaikataa. Anaita wewe."

Nilimuonyesha mukono wangu. Aliuona unacheza kama jani. Akaanza kulia pale pale mulangoni.

"Pipa lenu lina maji?" nikamuuliza.

Tukaenda kwao, nikafanya yote pole pole. Serviette, kungoja, povu. Muzee alifunga macho, pumzi yake ikashuka. Kisha nikamupa Furaha wembe. Mimi nikaweka mukono wa kushoto ku shavu la baba yake, nikavuta. Ule wa kushoto, ukikaza ku ngozi, hautetemeki. "Fuata tu," nikamwambia sikioni. Shavu, mudomo, shingo. Jasho lilinitoka kuliko siku ya ndoo. Hakuna damu.

Muzee akatoa mukono chini ya blanketi, mukono mufupa mutupu, akapapasa uso na mugongo wa vidole, kinyume, kama zamani. Vidole vikasimama chini ya taya.

"Nsimire."

"Ndiyo, patron."

"Hapa mumeacha."

Alisema mumeacha, sisi wawili. Nikavuta ngozi tena, Furaha akafuata.