Kofia ya Wageni

Mtaa mzima wa Dandora, Nairobi, hakukuwa na mtu aliyejua kudharau kama Kavata. Alikuwa akishona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, na mbele ya cherehani yake hakuna aliyepita salama. Mchungaji alikuwa mpiga domo. Makarani wa jiji walikuwa wezi waliovaa tai. Mumewe, Matheka, aliendesha lori la kwenda Mombasa, na majirani walisema alipenda safari ndefu kwa sababu wanazozijua wao. Aliyesalimika na ulimi huo alikuwa Kavindu peke yake, binti yake wa miaka minane. Naye Kavindu alikuwa na saratani ya damu.

Dawa yake moja ilipitia mgongoni, kwa sindano ndefu, na mtoto alitakiwa alale amejikunja asitikisike hata kidogo. Sasa mtoto gani ataweza hayo? Mara ya mwisho wauguzi walimshika mikono na miguu, akapiga mayowe mpaka sauti ikamkauka, sindano ikakosa mahali pake. Daktari Omolo alimweleza Kavata bila kuzunguka: dawa isipoingia juma lijalo, ugonjwa utapanda kichwani, na kuutoa huko ni kazi kubwa mno.

Mwaka huo, tisini na saba, wafadhili kutoka ng'ambo walikuwa wameiletea wodi ya watoto kofia ya ajabu. Ilifunika macho na masikio, ikaunganishwa na kompyuta, na aliyeivaa alijiona yuko chini ya bahari. Akigeuza kichwa kushoto, anaona samaki wa kushoto.

"Tumeomba dawa, wametuletea sinema," Kavata alisema siku ya kuipokea, kwa sauti ya kusikika.

Wakamvika Kavindu ili wapige picha. Muuguzi akatumia nafasi hiyo kumtoa damu mkononi, na mtoto hakustuka. Alikuwa anacheka, anafukuza samaki. Kavata aliona kwa macho yake, na iliyomkera zaidi ni kwamba kitu cha kipuuzi namna ile kilikuwa kinafanya kazi.

Tangu siku hiyo watoto hawakuivaa tena. Walikuja wageni wa heshima, wanaume wenye vitambi na wake zao waliojaa manukato, wakaivaa wao, wakajikwaa wakicheka, huku watoto wagonjwa wakiambiwa wapige makofi. Wageni wakiondoka, kofia inarudi kwenye kabati la kioo ofisini kwa matroni, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Siku ya sindano ilipofika, Kavata alimkuta Matroni Nabiswa akipangusa kabati lile. Nabiswa alikaa mtaa wa jirani wa Donholm, na kwaya yao ya kanisa ilikuwa imewahi kufika kwa Kavata kuombea nyumba.

"Sista, toa hiyo kofia. Mtoto wangu anadungwa saa hii."

"Haiwezekani, Mama Kavindu. Ijumaa tuna wageni. Hii kitu ikiharibika nitawaonyesha nini?"

Kavata akamwangalia kuanzia utosini hadi kwenye viatu vyake vyeupe. "Waonyeshe huo ujinga wako. Uko mwingi, utawatosha. Mtu mzima na akili zake anafungia dawa kwa kabati na kuivalisha kitambaa kama bibi harusi!"

Wauguzi waliokuwa mlangoni wakainamisha vichwa. Nabiswa hakuinamisha chake.

"Wewe ndio utaniambia? Tulipokuja kwako ulitupatia chai kwa vikombe vya maua. Kavindu akashika kimoja. Ulimchapa mkono, ukamwambia hizo ni za wageni. Akakunywa kwa kile cha plastiki chenye ufa. Si nilikuwa hapo?"

Ulimi uliowasuta watu wa Dandora mwaka hadi mwaka ulikuwa umepata mtu wa kumdharau kwa haki, na mtu huyo alikuwa Kavata mwenyewe. Aliona aibu, aibu ya kweli, ikampanda mpaka masikioni.

"Basi sisi wawili ni wajinga," alisema. "Lakini mmoja wetu ana ufunguo. Fungua."

Nabiswa akauingiza mkono mfukoni. Kabati likafunguka.

Wakamlaza Kavindu ubavu, magoti kifuani, kofia imemmeza kichwa chote hadi kidevuni. Kompyuta ikanguruma. Daktari Omolo akapapasa mgongo mwembamba ule, akatafuta mahali, akashusha sindano. Kavata alikuwa amechuchumaa mbele ya mtoto, amemshika vidole, anangoja mayowe. Vidole vilitulia.

"Mama," Kavindu aliita kutoka ndani ya kofia, taratibu, kama mtu anayeogopa kuwafukuza samaki.

"Naam, mama."

"Wageni wakifika uniambie haraka, niivue."

Machozi yalikuwa yanamtoka Kavata na hakujisumbua kuyafuta, Nabiswa akiwa amesimama pale pale na ufunguo wake mkononi.

"Wakifika nitawafukuza," alisema. "Wewe tulia."

Dawa ikaingia yote.