Fomu Aliyoijaza Baba

Muhula wangu wa kwanza wa udaktari nilijifunza kwamba kifundo cha mkono kina vifupa vinane, na kwamba mimi nikiulizwa nakumbuka vitano. Mtihani wa anatomia nikafeli. Likizo fupi ilipofika nilifunga virago vyote, godoro likiwemo, nikapanda basi kurudi kwetu Mhunze. Nilikuwa nimeshaamua kumwambia baba kwamba naacha, nikauze simu Katoro na binamu yangu, ambaye hajui kifupa hata kimoja na amenawiri.

Kazi ilikuwa kusema. Baba alilitazama lile godoro, akauliza likizo ni ya siku ngapi. Nikasema wiki moja. Na godoro je? Nikasema lina kunguni, nimelileta kulianika. Akalitandaza juu ya uzio wa zizi, na mimi nikajipongeza kwa akili nyingi.

Siku ya tatu, nikiwa bado natafuta maneno, nilitoka kuoga nikawakuta baba na mama kwenye mkeka, baba kavaa miwani, wanajaza fomu waliyoikuta kwenye virago vyangu. Ilikuwa ya utafiti. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano alitugawia sisi wapya apime ari yetu na kama tunaridhika na masomo. Mimi sikuijaza, maana majibu yangu yangemliza. Lakini kwetu, tangu darasa la kwanza, fomu ikitoka shuleni hujazwa na mzazi, na ikikosa saini mtoto hurudishwa nyumbani. Baba hakutaka nirudishwe.

Nilitamani kumnyang'anya, ila baba yangu si mtu wa kunyang'anywa kitu. Nikakaa, mama akanisomea kwa fahari.

Unaridhishwa na ufundishaji? Baba alikuwa ameandika: walimu waongeze ukali. Unapata usingizi wa kutosha? Kupita kiasi. Msukumo wako wa kusoma unatoka ndani au nje? Nje. Ni mimi. Kwa nini ulichagua udaktari? Hapo mama ndiye aliyetoa jibu: nikiwa na miaka sita nilimfunga kuku mguu uliovunjika kwa kitambaa chake cha kanisani, kuku akapona, tukamla Krismasi. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilicheka.

Swali la mwisho mama hakulisoma. Alinipa karatasi nisome mwenyewe. Umewahi kufikiria kuacha masomo? Kwa herufi kubwa za baba: NDIYO. AMEKUJA NA GODORO. TUMELIKAGUA SIKU TATU, KUNGUNI HAKUNA.

Nililia pale pale, taulo begani, nikasema nimefeli vifupa. Baba alivua miwani, akaninyooshea mkono wake wa kulia, ule wa jembe, akaniita mwanangu kwa Kisukuma.

"Vihesabu hapa, ng'wanawane. Ukikwama, anza upya."

Nilivibonyeza hadi ng'ombe wakarudi zizini. Mara vikawa vitano, mara saba, mara vikazidi hata alivyopewa na Mungu. Baba hakuuondoa mkono.

Jumapili baada ya misa alilikunja godoro, akalifunga kamba, akalibeba kichwani hadi stendi. Fomu alinikabidhi mlangoni mwa basi, imetiwa saini. Yule wa mwaka wa tano alipoisoma, akauliza huyu aliyesaini ni nani. Nikamwambia ndiye msukumo wenyewe, wa nje.