Togwa ya Ukweni Niliyoikataa

Ndugu wasomaji, kwa heshima na taadhima nawasalimu, na mlionizidi umri shikamooni. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na minne, mzaliwa wa mkoa mwingine, niliyeletwa bonde hili la Kilombero na kazi ya miwa. Shule niliishia darasa la saba, yaliyosalia nimejisomea. Mke wangu ni mzaliwa wa Idete. Nimeomba jina langu lihifadhiwe kwa kuwa shemeji zangu nao huusoma ukurasa huu.

Kipindi cha corona tuliitwa ukweni kwenye mavuno ya mpunga. Kwa desturi yao, mama mwenye nyumba huonja togwa kwanza kwa kata ya kibuyu ili wageni waone kuwa ni salama, kisha kata hiyohiyo hupewa mkwe, ndipo izunguke kwa wengine. Iliponifikia nilitoa kikombe changu mfukoni, nikasema, "Mama, kwa kuzingatia tahadhari, naomba nimiminiwe humu."

Shemeji yangu mkubwa akaangua kicheko. "Jamani, mkwe kaja na kikombe kama mgonjwa wa wodini!"

Baba mkwe hakucheka. Aliipokea kata niliyoikataa, akainywa togwa yote, akasema, "Mwanangu, kwetu anayeogopa kata anajua kilichomo."

Baada ya juma moja mzee alibanwa kifua, akafariki. Hakupimwa chochote. Tangu msiba ule, maneno yake yamekuwa ushahidi dhidi yangu, eti nilijua kilichowekwa ndani. Nami, nisiwafiche, nilianza kuwashuku wao: kata ile ilitiwa kitu baada ya mama kuonja, kwa ajili yangu, si yake.

Mwaka huu mama mkwe ameagiza niende nikanywe mbele ya ukoo, moyo wangu uonekane. Mke wangu ametangulia na watoto, na ametamka kwamba nisipokunywa harudi. Jana nilipompigia simu nilisikia kikohozi kirefu karibu naye.

"Nani huyo?"

"Mama. Vumbi la mpunga tu."

Nikamweleza kwamba sitakwenda mpaka mama apelekwe hospitali Ifakara akapimwe. Mke wangu akanijibu:

"Sikia, mwenzangu. Wiki ileile ya mavuno ulikula sinia moja na wenzako wa kambini, na mmoja alikuwa na homa. Ulinisimulia mwenyewe huku unacheka. Mbona kule hukudai sahani yako?"

"Wale nawafahamu."

"Na baba yangu ulikuwa humfahamu?" Akakata simu.

Nilikuwa nimejihesabu mtu mwangalifu, tena msomi kidogo kuliko wao, lakini ugonjwa ule niliuona kwenye midomo yao tu. Sasa sijui kama hofu niliyonayo ni ya kile kikohozi, ama ni ya watu wenyewe. Shemeji yule mkubwa ameniandikia asubuhi hii: "Njoo mkwe, togwa imeiva." Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi nikitafuta kilichojificha ndani yake.

Shughuli ni Jumamosi. Nishaurini bila kunionea haya: ingekuwa ninyi, mngeinywa?