Gari Lenye Oili Mbili

Mwanangu, iko siku moja ambayo watu wa hapa Busale wanaisimulia kwa kunisema vibaya, na mimi naikumbuka nikiwa natabasamu. Sogeza kiti hicho karibu nikusimulie mwenyewe kabla hujasimuliwa na wengine. Watakwambia kwamba bibi huyu alimvunjia baba mkwe wake heshima mbele ya watu. Nisikilize kwanza mpaka mwisho, halafu useme unavyotaka.

Mimi nilizaliwa Kasumulu, pale mpakani, na baba yangu alikuwa fundi wa magari. Malori na magari ya abiria yaliyokuwa yanavuka mto Songwe yakisumbua, yaliletwa kwake. Kaka zangu hawakutaka kuchafuka, mimi nilitaka. Nilijua kufungua injini kabla sijajua kusonga ugali ukaiva vizuri, na mama alilalamika mpaka akachoka. Kisha nikaolewa na Lusajo, kijana wa huku Busale, nikaja kwa watu wa mpunga na kakao ambao gari walikuwa wanaliona barabarani tu.

Sasa wewe kijana wa leo unakaa na baba mkwe wako sebuleni, mnaangalia mpira, mnabishana. Kwetu Wanyakyusa haikuwa hivyo. Mke wa kijana hakumtazama baba mkwe wake usoni. Hakulitaja jina lake, hakuingia alipokuwa amekaa, na wakikutana njiani mwanamke alichepuka kwenye migomba akangoja mzee apite. Mzee naye aligeuza uso wake. Kama kulikuwa na neno la kumwambia, lilipitia kwa mumeo au kwa mama mkwe. Wakati naolewa nyumba nyingi zilikuwa zimeshalegeza, lakini kwa wakwe zangu mila ilikazwa sawasawa. Nami niliifuata bila kinyongo. Jina la yule mzee silitaji hata leo, na tulikwisha kumzika.

Mavuno ya kakao yalipokuwa mazuri, mzee akanunua gari. Lilikuwa gari dogo la abiria kutoka Japani, limetumika, lakini zuri, lenye viti vya kuzungusha. Alilipenda kuliko ng'ombe wake, na ng'ombe alikuwa anawapenda sana. Kila asubuhi kabla ya chai alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akachomoa tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilikuwa natazama kutoka dirisha la jikoni, maana kumtazama mzee mgongoni hakuna aliyenikataza.

Lakini gari lile lilikuwa na supachaja. Usikimbie jina, ni kitu cha kueleweka. Ni pampu ya hewa iliyofungwa ubavuni mwa injini, inazungushwa na mkanda, kazi yake kuisukumia injini hewa nyingi ili gari lipate nguvu ya kupanda mlima likiwa na watu ndani. Pampu ile ina meno yake na beringi zake, na ina oili yake peke yake, kidogo tu, kikombe cha chai hakijai. Haichangii oili na injini. Ina kijiti chake kidogo kilichojificha chini ya mabomba ya mpira, na asiyekijua anaweza kulimiliki gari miaka yote asikiguse. Mzee alikuwa anapima oili ya injini, na alikuwa anaipima vizuri sana. Ile ya pili hakuna aliyemwambia.

Nilianza kusikia mlio. Gari likiwashwa, ndani ya ngurumo ya kawaida kulikuwa na sauti nyembamba ya kusaga. Siku mzee alipokwenda kwenye kakao, nikafungua boneti, nikakitafuta kile kijiti kidogo, nikakichomoa. Kilikuwa kikavu. Kwenye ncha paliganda kitu cheusi tu, kama masizi ya sufuria.

Ningenyamaza kama gari lingekuwa la kwenda Kyela mjini na kurudi, kwenye tambarare. Lakini mama mkwe wangu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa amepangiwa kupasuliwa huko Mbeya wiki ileile. Mzee alikuwa amesema atampeleka mwenyewe kwa gari lake. Na wewe unaijua njia ya kutoka huku bondeni kwenda Tukuyu, inavyopanda na kujikunja, na malori ya mpakani yanayokufuata nyuma. Kwenye gari lile mkanda uliozungusha supachaja ndio huohuo uliozungusha pampu ya maji na kulainisha usukani. Supachaja ikikwama mlimani, mkanda unakatika, usukani unakuwa mzito ghafla kwenye kona, gari linakosa nguvu, na nyuma yako kuna lori. Mama yule alikuwa amenipokea kama binti yake. Sikuwa tayari kumwona anapandishwa kwenye gari lile.

Nikafuata mila. Nikamwambia Lusajo, "Mwambie baba supachaja haina oili. Gari lisipande mlima."

Lusajo alikuwa mume mwema, Mungu amrehemu, lakini mbele ya baba yake sauti yake ilikuwa inapungua. Akaenda, akasema, "Baba, mke wangu anaomba uangalie oili kabla ya safari."

Mzee akajibu, "Nimeipima leo asubuhi. Imejaa."

Umeona? Hakuna aliyedanganya hapo. Lusajo alifikisha ujumbe wa adabu, mzee akajibu kweli tupu, na supachaja ikabaki kavu vilevile. Nikamwendea mama mkwe mwenyewe. Yeye neno supachaja lilimpotea njiani. Alipofika kwa mumewe akasema kwamba watoto wana hofu na safari, ingekuwa vema wakaombewa. Jioni ile tukaombewa kweli, tena sala ndefu. Nikasema amina kwa moyo wote, kwa sababu sala naipenda. Lakini nilipofumbua macho nilijua kwamba beringi zile bado hazijapata hata tone.

Alfajiri ya safari nikaamka kabla ya wote. Nikafungua boneti, nikachomoa kile kijiti kidogo, nikaziba tundu kwa kitambaa safi. Nilijua maneno matupu hayatanisaidia.

Kulipopambazuka mama mkwe akapandishwa, kitenge kipya, kikapu cha ndizi miguuni. Shangazi wa Lusajo, dada yake mzee, akapanda naye. Majirani walikuwa wamekuja kuwaaga. Mzee akawasha gari. Nami nikatoka jikoni, mwanangu, nikatembea katikati ya uwanja watu wote wakiniona, nikasimama mbele ya gari lile likiwa linanguruma. Magoti yalikuwa yananitetemeka. Nikainua uso, nikamtazama mzee machoni kupitia kioo. Yalikuwa macho ya Lusajo yuleyule, na miaka yote ile sikuwa nimejua.

"Mugonile, baba," nikamsalimia kwanza kwa Kinyakyusa, kwa sauti. "Gari hili lina oili mbili. Wewe unapima moja. Ya pili imekwisha, kijiti chake ni hiki hapa, kikavu. Ukipanda nalo mlima, mama hafiki."

Shangazi akapiga yowe. "Jamani! Amemtazama! Lusajo, mkeo amemtazama baba yako!" Wanawake wakashika vichwa. Lusajo akainamisha uso chini kama vile amedondosha kitu. Mama mkwe, ambaye alikuwa haoni vizuri, akawa anauliza, "Nani? Nani anasema?"

Mzee akageuza uso wake upande, kama mila ilivyomtaka. Kisha akazima gari.

Mzee akashuka, akanipa mgongo. Halafu akasema, akiwa ameelekea kwenye migomba, "Lusajo. Tundikeni kanga kwenye kamba. Huyo anayesema asimame nyuma ya kanga, aseme tena polepole. Nataka kujua na mimi."

Ndivyo nilivyomfundisha baba mkwe wangu kubadilisha oili ya supachaja, mimi nyuma ya kanga, yeye kwenye boneti. Usicheke. Au cheka, hata sisi tulicheka baadaye.

Lusajo alipanda baiskeli kwenda Kasumulu kwa baba yangu, kwa sababu oili ile si ya injini na haiuzwi kila duka. Baba alikuwa na chupa yake ndogo. Wakati tukimngoja, injini ilipoa, nami nikasema gari lisogezwe, kwa sababu lilikuwa limesimama kwenye mteremko na hapo kipimo kinadanganya. Wanaume wakalisukuma mpaka kwenye uwanja wa kuanikia kakao, mahali tambarare.

"Sasa nyonya iliyobaki," nikasema nyuma ya kanga. Mzee akatumia bomba jipya la sindano, lile la kuchanjia ng'ombe, lenye kipande cha mpira mbele. Kikatoka kijiko kimoja cha uchafu mweusi. Harufu yake ilikuwa ya mayai viza, hata shangazi akasogea mbali.

"Isugue kati ya vidole. Kuna chembe za chuma?"

Akasugua, akatazama vidole. "Hakuna."

"Basi tumewahi. Weka mpya kidogo kidogo. Ngoja ishuke. Pima. Usizidishe alama ya juu, ikizidi nayo inaharibu."

Alimimina taratibu. Akapima, akafuta, akapima tena. Alipowasha gari, ule mlio wa kusaga ulikuwa umepungua, na baada ya muda ukaisha. Wakaondoka mchana, wakafika Mbeya salama, na mama akapasuliwa siku iliyofuata.

Unadhani yakaishia hapo? Waliporudi, ukoo ukaketi. Shangazi ndiye aliyewaita, na sikumlaumu, alikuwa analinda alicholelewa nacho. Nikaitwa, nikapiga magoti kwenye mkeka, na mzee akiwa amekaa mbali amegeukia ukutani. Wakasema nimetia nyumba aibu. Wakasema niombe radhi kwa yote niliyoyafanya, na kuanzia siku ile nisiguse tena gari, la sivyo nirudi kwa baba yangu Kasumulu. Lusajo alikuwa analia. Nilimpenda, na nilikuwa na mtoto mgongoni, na nyumba ile nilikuwa naipenda. Nilijua ninachoweza kupoteza.

Nikawaambia, "Nimemtazama baba usoni. Hilo ni kosa, naliombea radhi, na faini iliyozoeleka nitaitoa. Lakini niliyoyasema siyaombei radhi. Kama kwa hayo ninafukuzwa, mniambie sasa hivi nikafunge mizigo."

Shangazi akasimama kwa hasira. Kabla hajafungua mdomo, mzee akasema, bado ameelekea ukutani, "Mimi nilimsikia na nikafanya alivyosema. Mkitaka kuhukumu maneno yake, mtanihukumu na mimi pamoja naye. Nani anaanza?"

Shangazi akaketi.

Kesho yake nikapeleka jogoo. Nilimtoa kwa ajili ya macho, mwanangu. Kwa ajili ya maneno sikutoa hata yai.

Sasa nikwambie nilichokuitia. Heshimu wakubwa. Piga goti, salimia kwanza, usiropoke majina yao, na mila isiyomuumiza mtu ifuate hata kama wenzako wanakucheka. Lakini ukijua jambo ambalo usipolisema mtu ataumia, usiliache mikononi mwa wapole. Watalikata huku na huku ili lisimkere mtu, na litafika likiwa halifanani na ulilolituma. Lipeleke mwenyewe. Sema kwa ufupi, ukiwa na ushahidi mkononi, kisha usikimbie matokeo. Wakikutoza kwa namna ulivyosema, lipa. Wakitaka uyakane uliyoyasema, kataa, hata kama mlango uko wazi na wanakuonyesha njia. Na wewe ukiwa mkubwa, akaja mdogo kukuambia kwamba kuna oili nyingine usiyoipima, zima gari kwanza. Ukitaka kuona aibu, utaiona baadaye ukiwa hai.

Watakuita mkaidi. Mimi wameniita hivyo tangu siku ile, na hilo jina nimezeeka nalo vizuri tu.

Mungu akupe afya na mikono yenye kazi. Akupe wakubwa watakaokusikia hata wakiwa wamekupa mgongo. Na siku utakaposimama mbele ya watu magoti yakitetemeka, asikuondolee kutetemeka, akupe tu sauti. Ndaga fijo, asante sana, kwa kunisikiliza. Nenda kwa amani, mwanangu.