Tarumbeta ya Morio na Mwaka wa Korongo

Tokuda Morio aliuza tofu, ile jibini laini ya soya, tangu ujana wake. Kila jioni alipanda baiskeli yenye sanduku la mbao nyuma, akapita mitaa ya kando ya mto Asahi, pale Okayama, akipuliza kipembe chake cha shaba ili akina mama watoke na bakuli zao. Wauza tofu wengi hupuliza kivivu tu. Morio alipuliza kama anaita jeshi. Watoto waliziba masikio, na mbwa wa fundi viatu alilia naye mpaka baiskeli ikate kona.

Jioni moja akasimamishwa na Ishizu, mwenye duka la vitambaa, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa washangiliaji wa Korongo, timu ya besiboli ya mji ule.

“We bwana tofu! Hebu simama. Mapafu yote hayo unauzia tofu?”

“Kwani nimekosa nini, bosi?”

“Umekosea kazi. Jumamosi njoo uwanjani. Tarumbeta nitakupa mimi.”

Morio hakuwahi kushika tarumbeta maishani, lakini kabla mvua za Juni hazijaisha alikuwa anawapita waliomtangulia. Kazi ya wapigaji tarumbeta ilikuwa kumwita kila mchezaji kwa wimbo wake. Mchezaji akishika gongo na kwenda kuukabili mpira, jukwaa zima linapaza wimbo ule mpaka amalize zamu yake. Onoda, yule mdakaji mnene mwenye mapaja kama magogo, alikuwa na wimbo mzito wa kukokota miguu. Hamanaka mfupi, aliyekuwa akiiba vituo vya uwanjani, akichomoka kabla mpira haujapigwa, kama kicheche anavyoiba mayai, wimbo wake ulikwenda mbio hata wapigaji wakakosa pumzi. Nyimbo nyingi zilitungwa na Morio mwenyewe, alfajiri, akikoroga sufuria ya soya, huku mkewe Fusae akimwambia, “Baba, utaunguza.”

Miaka hiyo Korongo walikuwa wa kuchekwa. Walishika mkia msimu baada ya msimu, na wageni kutoka Osaka walikuja uwanjani na mito ya kulalia. Kisha ukaja mwaka ule. Hakuna aliyejua kimetokea nini. Segawa, mrushaji aliyekuwa akirusha mipira ya kupigika na mtoto, ghafla mpira wake ukawa unazama chini ya gongo kama umekatwa kamba. Onoda akaanza kupeleka mipira nje ya ukuta. Walishinda Mei, wakashinda Julai, na ilipofika Septemba watu wa Okayama walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini, kama wenye mgonjwa aliyeanza kupata nafuu, wakiogopa kumshtua.

Mechi ya mwisho ya ubingwa ilichezwa nyumbani. Kipindi cha tisa, cha mwisho, Korongo walikuwa nyuma kwa pointi moja, wachezaji wao wawili wamesimama vituoni, na nafasi ya kupiga imebaki moja tu. Hapo kocha akamtoa mpigaji wake wa gongo na kumwingiza Mukai.

“Mukai? Mukai ndiye nani?” aliuliza mtu jukwaani.

Mukai alikuwa mchezaji wa akiba kutoka Tottori, kijana mkimya aliyekaa benchi mwaka mzima akiwapelekea wenzake taulo. Wimbo hakuwa nao. Wapigaji tarumbeta wakatazamana. Ishizu akakuna kichwa. Basi Morio akasimama peke yake. Mwezi wa nane, mbele ya sufuria, alikuwa amemtungia Mukai wimbo kwa kumwonea huruma tu, akijua hautapigwa kamwe. Ulianzia chini, ukapanda ngazi kwa ngazi, ukaishia kwenye noti moja kali juu kabisa. Aliupiga wote, peke yake, katika uwanja ulionyamaza. Mukai akageuka, akatazama jukwaani, uso umekunjamana. Mpira uliofuata akaupiga katikati ya walinzi wawili, ukabingirika mpaka ukutani. Waliokuwa vituoni wakaingia wote wawili, na ubingwa ukawa wa Korongo.

Usiku ule watu wazima walirukia mtoni na nguo zao. Jioni iliyofuata mtaa haukuwa na tofu, na hakuna aliyeuliza.

Korongo hawakuchukua ubingwa tena. Miaka arobaini ilipita. Segawa alifariki, wapigaji tarumbeta wa zamani wakaondoka mmoja mmoja, na Morio akaacha kuuza tofu magoti yalipomkataa. Lakini kila mwaka, kabla msimu haujaanza, alitoa tarumbeta kwenye kasha lake, akaipangusa, akapuliza nyimbo zile kuanzia wa kwanza mpaka wa Mukai. Majirani walijua majira kwa hilo.

Halafu meno yake ya mbele yakaanza kulegea. Daktari akayang'oa yote ya juu, akamwekea ya bandia. Kwa kula wali na samaki hayakuwa na neno. Tarumbeta Morio hakuigusa, akijiambia kidonda kikauke kwanza.

Ndipo Ishizu akapiga simu. Alikuwa mzee sasa, sauti imekauka kama ganda la mahindi, lakini bado aliamrisha.

“Morio, mwezi wa tano timu inawaita mabingwa wote. Watatembea uwanjani mmoja mmoja, kila mtu na wimbo wake. Wanataka tarumbeta ya zamani, hawataki vijana. Na ya zamani imebaki yako.”

“Hamna shida, bosi,” alijibu Morio, akakata simu.

Alitoka uani, akainua tarumbeta, akavuta pumzi ya enzi zake, akapuliza. Kilichotoka kwanza ni upepo. Kilichofuata ni meno. Yaliruka yakatua kwenye tuta la figili.

Fusae alikuwa anaanika nguo. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamtazama mumewe.

“Baba, si uwaambie tu?”

“Niwaambie nini? Kwamba Tokuda ametema meno?”

“Kwamba umezeeka. Wao hawakuzeeka?”

Morio aliyaokota meno, akayapangusa udongo. Siku zilizofuata alienda kando ya mto, chini ya daraja la reli, mahali ambapo treni ingefunika aibu yake. Sauti haikutoka. Alipungua uzito, akawa anaacha chakula. Mwishowe Fusae aliitia tarumbeta kwenye kapu la sokoni, akamshika mumewe mkono, akampeleka kwa daktari wa meno kama mtoto mtoro.

Daktari Nagao alikuwa mwanamke mwenye mzaha. Alisikiliza habari yote, akageukia kapu.

“Babu, itoe. Nitajuaje pa kurekebisha bila kukuona unapuliza?”

“Hapa? Kuna wagonjwa nje.”

“Wanasubiri kung'olewa meno hao. Tarumbeta itawatisha nini?”

Akapuliza. Daktari akaingiza kidole, akapima, akakwangua, akaongeza unene nyuma ya meno, akamwita tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Polepole sauti ikarudi. Wimbo wa Onoda ukatoka. Wa Hamanaka ukatoka, ingawa kwa mwendo wa Hamanaka mwenye kisukari. Uliogoma ni wa Mukai. Kila alipofika kwenye ile noti ya juu, midomo iliachia, ikasikika pfff, kama chai inayomwagika kwenye jiko la moto.

Akaanza kuomba, kimoyomoyo, Mukai asije. Na dalili zilikuwa nzuri. Ishizu alisema Mukai hakujibu mwaliko. Alirudi kwao Tottori zamani, analima mapeasi, besiboli hataki hata kuitaja. Morio alilala vizuri usiku ule, na asubuhi akaona haya kwamba alilala vizuri.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Morio alivaa koti la kijani la washangiliaji, lililombana tumboni. Alikuwa amesimama kwenye korido chini ya jukwaa, akilowesha midomo, pale mzee mrefu aliyechomwa na jua alipomsogelea, kofia mkononi.

“Samahani, kaka. Nimeambiwa wewe ndiye mtu wa tarumbeta.”

“Ndiye mimi.”

“Naitwa Mukai.”

Morio aliishusha tarumbeta.

“Nilisema siji,” alisema Mukai. “Niliwaza, nani atanikumbuka? Nitatembea uwanjani watu waulizane kama siku ile, huyu ndiye nani. Mke wangu ndiye aliyenisukuma kwenye treni. Lakini kuna jambo nimekaa nalo miaka yote, nataka kukuuliza. Ule wimbo ulikuwa wa nani?”

“Wa nani vipi? Wa kwako!”

“Wangu?” Mukai alibaki mdomo wazi. “Mimi nilidhani mnamwita mtu mwingine! Nilidhani mnataka nitolewe, aje mtu wa maana. Nilikasirika, kaka, nilikasirika sijapata kuona! Ule mpira niliupiga kwa hasira tu.”

Morio aliangua kicheko mpaka akajishika ukutani. Mukai naye akacheka, macho yamejaa machozi, akirudia, “Wangu? Kweli wangu?”

“Nilikutungia mimi, nikikoroga soya. Lakini leo siuwezi, bwana. Noti ya juu haipandi. Meno si yangu haya.”

Mukai alitazama kulia na kushoto, akatia kidole mdomoni, akachomoa meno yake ya juu, akamwonyesha.

“Hata haya ji yangu,” alisema kwa kibogoyo, kisha akayarudisha. “Kaka, kwani mimi leo nitakimbia? Nitatembea. Magoti haya hata ngazi hayapandi. Sasa kwa nini tarumbeta ipande? Piga chini huko huko, twende wote taratibu.”

Morio alimtazama. Wiki kadhaa alikuwa amepigana na noti ile, na haikumpitia kichwani hata mara moja kwamba wimbo unaweza kuteremshwa. Akaujaribu polepole pale kwenye korido. Ukatoka wote, mnene, mtulivu, bila kukwama popote.

“Enhee,” alisema Mukai. “Huo ndio saizi yangu.”

Wakaitwa mmoja mmoja. Onoda alitoka na mkongojo akipunga mkono. Hamanaka alijifanya anataka kukimbia, jukwaa likacheka. Kwa wimbo wa Segawa alitoka mjane wake, mwanamke mdogo aliyevaa kimono ya kijivu, na uwanja mzima ukasimama. Mwisho akatoka Mukai. Tarumbeta ikaanzia chini kabisa, na hakuna aliyeuliza huyu ndiye nani. Walikuwa wanalitaja jina lake kwa kila pigo, wazee na wajukuu waliofundishwa nyumbani, na Mukai akatembea mpaka katikati ya uwanja, akavua kofia, akainama, akakaa ameinama muda mrefu.

Katika mechi iliyofuata sherehe hiyo Korongo walifungwa vibaya. Morio hakuona nusu yake, alikuwa amesinzia begani kwa Fusae. Mkewe alimwacha alale. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona amelala mchana tangu simu ya Ishizu. Watu walipoanza kutoka ndipo akamtikisa.

“Baba, amka. Mukai anauliza kama tutakula naye tambi za udon.”

“Nani anashinda?”

“Si sisi.”

“Haya,” alisema Morio, akajinyoosha, akagundua kwamba ana njaa sana. “Twende basi.”