Majembe Kwenye Misuku

Swali lililoninyima usingizi msimu ule lilikuwa dogo: nikichukua jembe niingie kwenye miti ya misuku, nitakuwa naiokoa, au nitakuwa nimejiunga na wanaoimaliza? Niliamka nalo, nikapika nalo uji, nikalala nalo.

Nilikuwa nimerudi Songea na shahada yangu wakati ambao serikali ilikuwa imeacha kutupangia kazi. Waliotutangulia walipata vituo vya kazi kabla hawajafungua sanduku. Sisi tuliambiwa mambo ni huria sasa, tujitafutie. Nikawa naishi kwa mama, pembeni mwa mji ukielekea Mshangano, nikichota maji na kufikiri kupita kiasi.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na msitu mdogo wa misuku, miti ya matunda ya porini. Hakuna aliyeupanda, na haukuwa wa mtu. Upande wake wa pili ilipita barabara ya udongo, na tangu biashara ifunguliwe, kando ya barabara ile zilikuwa zimeota mashine za kusaga na matanuri ya matofali, maana kila aliyepata alikuwa anajenga. Kiangazi, misuku ya upande wa barabara ilikuwa myekundu kwa vumbi, ile ya upande wetu ikabaki kijani. Mama ana pumu. Daktari wa hospitali ya Peramiho alimwambia akae mbali na moshi na vumbi, naye akatii kwa kuhamishia mkeka wake chini ya miti. Pale aliweza kusema sentensi nzima bila kukatika.

Kisha balozi wetu wa nyumba kumi akaja kutuambia kwamba eneo lile litapimwa viwanja.

"Kwenye ramani ni pori," alisema.

"Si pori. Tunalitumia."

"Umelima nini humo, binti yangu?"

Kwetu ardhi inajulikana ni ya mtu kwa alichopanda juu yake. Ukitaka kusema hapa ni pangu, unaonyesha mahindi, mihogo, mgomba. Kwa hiyo mtaa ulikaa kikao na kukubaliana kwa sauti moja kuilinda misuku: wapimaji wakikuta mashamba yenye wenyewe, wataliruka eneo. Siku iliyofuata watu wakaingia na majembe. Na mahindi hayastawi kivulini.

Mti wa kwanza uliangushwa na jirani yetu, dereva mstaafu, yuleyule aliyepiga kelele kuliko wote kwamba miti isiguswe.

"Shikamoo, baba," nilimwambia. "Si tulikubaliana kulinda miti?"

"Marahaba. Sasa hapa nafanya nini?" Alijifuta jasho kwa mkono. "Wapimaji wakikuta mahindi yangu, wanageuza gari."

"Wanageuza gari, lakini miti nayo haipo."

"Aa, msomi! Huko chuo walikufundisha kulinda kwa macho?"

"Mwache," mkewe alidakia toka kwenye matuta. "Bado anaandika insha."

Walicheka wote, na mimi nikacheka kidogo kwa aibu. Kilichonivunja moyo ni kwamba sikuweza kumchukia. Aliamini anachofanya. Kila mmoja mle ndani alikuwa anaokoa kipande chake, na kwa kila kipande kilichookolewa tuliona barabara vizuri zaidi.

Nilikwenda ofisi ya ardhi. Afisa alinisikiliza kwa upole, akauliza shamba ni la nani. Nikasema ni la wote. Akatikisa kichwa kama mtu anayepewa habari ya msiba wa mbali.

Mvua zilipokaribia, ukanda pekee uliobaki ulikuwa ule wa nyuma ya jiko letu. Mama alisogeza mkeka, akasogeza tena, kisha akaukunja akaingia ndani. Akiongea, alikuwa ananyoosha kiganja katikati ya maneno, nisubiri. Nilisubiri nikitazama mabega yake.

"Kama ninyi hamlimi," jirani alituambia, "nitalima mimi. Pasiachwe hivihivi, watapachukua."

Nikilima mahindi, naangusha miti mwenyewe. Nisipolima, anaiangusha yeye. Mpangaji wetu, mwalimu kutoka Mbinga, alinikuta nimekaa kizingitini na jembe.

"Panda kahawa," alisema. "Kwetu Umatengoni miti mikubwa inaachwa iipe kivuli."

"Kahawa bei si imeanguka?"

"Nimekwambia panda. Nani kasema uuze?"

Alipokwenda kwao aliniletea miche ndani ya kiroba. Niliiweka kivulini, nikaimwagilia, nikaanza kuikosoa. Huenda isishike. Huenda wapimaji wasiijali. Na hata ikishika, miti michache haiwezi kuzuia vumbi lililozuiwa na msitu mzima. Hili la mwisho nililijua kabisa, na bado nalijua.

Asubuhi moja jirani alikuja na shoka, akaliegemeza kwenye ukuta wa jiko, akaanza kukunja mikono ya shati. Ndani, mama alikuwa anakohoa. Nilitoka na jembe na kiroba cha miche, nikampita.

"Kahawa? Umekuwa Mmatengo lini, wewe?"

Mkewe akaita majirani waje waone. Sikugeuka. Nilichimba shimo kati ya misuku miwili, nikaweka mche, nikaushindilia udongo kwa kisigino. Nikasogea kidogo, nikachimba jingine.